Kumpokea mwanafunzi wa kigeni: kazi yenyewe huanza wiki ya tatu

Vyuo vyetu vinajua kupokea watu. Kundi la wanafunzi wa kigeni likitarajiwa, gari la chuo hutumwa uwanja wa ndege, bango huchapishwa, mkuu wa kitengo huandaa maneno yake, sambusa na soda hupitishwa, kisha watu hujipanga kwa picha ya pamoja. Wiki hiyo mgeni ana marafiki hata asiowahitaji. Mtafute wiki ya sita. Utamkuta kafeteria kwenye meza ya pembeni, ana kazi ya kikundi ya kuwasilisha Jumatatu, na kikundi hana. Waliopiga naye picha wanapita wakimpungia mkono, kwa kuwa nao wana majaribio yao.

Makala hii ni kwa wanaotaka kuanzisha mpango wa wenyeji chuoni, yaani utaratibu wa kumkabidhi kila mwanafunzi wa kigeni kwa mwanafunzi mwenzake mwenye makazi na uzoefu wa mahali. Ni pia kwa wale ambao tayari wanao mpango huo lakini kila mwaka unazimika kabla ya Krismasi. Ushauri wangu wote unatoka kwenye jambo moja: upangeni mpango wenu kwa kuitazama wiki ya sita, na sherehe ya wiki ya kwanza waachieni wenye mabango. Mifano nitaichukua Dar es Salaam, hasa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Msomaji aliye Dodoma, Eldoret au Bujumbura atabadilisha majina ya vituo vya daladala, mengine yatamfaa yalivyo.

Kabla ya kumtafuta mwenyeji, mjueni mgeni. Ukitaja mwanafunzi wa kimataifa, akili za wengi hukimbilia Mzungu mwenye begi mgongoni. Huyo yupo, na mara nyingi ni Mmarekani au Mjerumani aliyekuja kwa semesta moja. Wapo Wachina na Wakorea waliokwisha kujifunza Kiswahili kwao, maana Beijing Foreign Studies University na Hankuk University of Foreign Studies ya Seoul vimekuwa vikikifundisha kwa miaka mingi. Hao huja kunyoosha ulimi, na wengine watakusahihisha upatanisho wa ngeli ukiwa umetulia kabisa. Halafu wapo majirani: Warundi, Wakongo, Wanyarwanda, Waganda, Wakenya, Wasudani Kusini, ambao wengi wao wamekuja kusoma shahada nzima ya miaka mitatu au zaidi.

Majirani ndio wanaosahaulika. Kwa sura wanafanana nasi, wengi wanaongea Kiswahili, basi tunadhani wameshafika nyumbani. Lakini Mkongo wa Bukavu amesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi, na hapa mhadhara unatolewa kwa Kiingereza. Kiswahili chake kinaeleweka sokoni, ila wenzake darasani wanakicheka, na baada ya kuchekwa mara chache ananyamaza. Mrundi anayetamka neno kwa namna ya kwao anaulizwa kila anapokwenda kama ni mkimbizi. Hawa hakuna anayewaandalia sambusa, na wao wenyewe wanaona aibu kuomba mwenyeji wakati wanaweza kupanda daladala bila msaada. Fomu ya kujiunga iwafikie kama inavyomfikia Mmarekani, na asiyejibu apigiwe simu.

Inafaa kukumbuka kwamba kati ya 1963 na 1970 Mlimani ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Kijana wa Uganda aliyekuja Dar es Salaam alikuwa anahama tawi tu la chuo hichohicho. Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa rais wa Uganda, alisoma hapa enzi hizo na kumaliza 1970, na hakuwa mgeni wa pembeni hata kidogo, aliongoza chama cha wanafunzi chenye kelele nyingi za ukombozi. Sitamani kila mgeni wenu awe rais, lakini natamani awe na nafasi ya kugombea uongozi wa darasa.

Sasa mwenyeji. Kosa la kawaida ni kuwachukua wanaoongea Kiingereza kizuri, wenye kuchangamka jukwaani. Hao tayari wako kwenye kwaya, mdahalo, serikali ya wanafunzi na biashara ya viatu vya mtumba. Watakuja siku ya picha. Mtafuteni mwenye muda na mwenye tabia ya kurudisha simu. Mwaka wa pili ndio unaofaa zaidi: wa kwanza mwenyewe bado anapotea kati ya kumbi za mihadhara, wa mwisho ana utafiti wa kuandika na akili yake iko kwenye ajira. Wanafunzi waliotoka mikoani kuja Dar es Salaam kwa mara ya kwanza huwa wenyeji wazuri kuliko waliozaliwa Sinza, kwa sababu wanakumbuka hofu ya kushuka stendi ya mabasi ya mikoani. Vivyo hivyo waliowahi kusoma nje, hata kwa miezi michache, wanajua jinsi Jumapili ya mgeni inavyoweza kuwa ndefu.

Wahojini kwa dakika kumi. Msiulize kwa nini anapenda tamaduni mbalimbali. Wote watajibu vizuri. Waulizeni wiki iliyopita walikuwa wapi Jumatano jioni, wana vipindi vingapi, wanafanya kazi gani ya kujiongezea kipato, na wangefanya nini kama mgeni wao angepiga simu saa nne usiku akilia. Ukimsikiliza mtu akijibu swali hilo la mwisho utamjua.

Katika kuwaoanisha, kuna vigezo vinavyong'aa na vigezo vinavyofanya kazi. Kupenda mpira, kupenda kupika, kupenda muziki, hivyo ni vya fomu. Kinachofanya kazi ni kozi. Mgeni na mwenyeji wakisoma programu moja, au angalau wakigongana kwenye somo moja, watakutana kila wiki bila kupanga, na mwenyeji atajua kabla ya mgeni kwamba kipindi kimehamishwa. Kigezo cha pili ni makazi: aliyeko Mabibo na aliyeko hosteli za ndani ya chuo wataonana mara chache kuliko wanavyoahidiana. Cha tatu ni jinsia. Pale ambapo mgeni hajasema vinginevyo, mpeni mwenyeji wa jinsia yake, maana yapo mambo ya chooni, hospitali na mavazi ambayo msichana hatamuuliza mvulana aliyemjua jana. Ikiwezekana, wekeni wenyeji wawili kwa wageni watatu badala ya mmoja kwa mmoja. Mwenyeji mmoja akiugua au akienda msibani Songea, wageni hawabaki yatima, na wageni wenyewe wanapata wenzao wa kulalamika nao. Kulalamika pamoja ni nusu ya kuzoea mahali.

Mawasiliano yaanze kabla ya safari, wiki tatu hivi, kwa ujumbe mfupi ulioandikwa na mwenyeji mwenyewe. Mratibu wa mpango atoe mfano, lakini asiutume yeye kwa wote. Mwenyeji ajitambulishe, atume picha ya lango la chuo na ya jengo la hosteli, aeleze hali ya hewa ya mwezi huo, kisha ataje vitu ambavyo mgeni akivisahau vitamsumbua: barua ya udahili na nakala za vyeti kwenye mzigo wa mkononi, kadi ya chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka au kupitia nchi yenye ugonjwa huo, picha za pasipoti za kutosha, plagi ya Kiingereza yenye pini tatu. Amwambie pia kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, asiipakie nguo humo. Vitu vidogo, lakini mgeni akishuka Terminal III ya uwanja wa ndege usiku wa manane na kujua kwamba kuna mtu mmoja nchi nzima ambaye amekwisha kumjibu maswali matano, anatembea tofauti.

Wiki ya kwanza ina kazi nyingi za miguu. Laini ya simu, akaunti ya fedha ya simu, usajili, kitambulisho cha chuo, kadi ya maktaba, chandarua, ndoo. Hapa kuna makosa mawili ya kuepuka. La kwanza ni mwenyeji kumfanyia mgeni kila kitu. Anachukua simu yake, anajaza, anabonyeza, anamrudishia: tayari. Mgeni anashukuru na hajajifunza chochote. Wiki ijayo bando likiisha atapiga simu tena. Wahenga wetu walimpa mgeni siku mbili, ya tatu wakamkabidhi jembe, na walijua walilolifanya, maana mtu akishika jembe ndipo anapoacha kuhesabiwa mgeni. Mwenyeji asimame pembeni, mgeni abonyeze mwenyewe, aombe bei mwenyewe, amwambie konda "shusha" mwenyewe hata kama kituo kitapitwa.

Kosa la pili ni zito zaidi. Usajili wa laini hapa unafanywa kwa alama za vidole, na mgeni husajili kwa pasipoti yake. Foleni ikiwa ndefu au mtandao wa ofisi ukiwa umegoma, mwenyeji mwenye huruma huona ni rahisi amsajilie kwa namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Asifanye hivyo. Ni kinyume cha taratibu, na siku laini hiyo ikitumika vibaya jina litakalosomwa polisi ni la mwenyeji. Jambo hili lisemwe waziwazi kwenye semina ya wenyeji, mbele ya wote.

Kadhalika kibali cha ukaazi. Mwanafunzi wa kigeni kwa kawaida huhitaji Kibali Daraja C kutoka Idara ya Uhamiaji, na raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ana utaratibu wake wa pasi ya mwanafunzi chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010. Mwenyeji asijaribu kuwa wakili. Kazi yake ni kujua mlango wa ofisi ya chuo inayoshughulikia wageni, jina la kazi la anayekaa pale, na kumkumbusha mgeni tarehe iliyogongwa kwenye pasipoti. Ushauri wa korido kuhusu uhamiaji umewaponza watu wengi, na aliyeutoa huwa hayupo siku ya faini.

Kuna somo moja la barabarani ambalo sijaona mwongozo wowote wa chuo ukiliandika. Burundi, Rwanda, Kongo, China, Marekani, Ujerumani, kote huko magari hupita upande wa kulia. Hapa yanapita kushoto. Mtu aliyezoea kutazama kushoto kwanza anaingia Barabara ya Sam Nujoma akiwa ametazama upande usio na gari. Siku ya kwanza kabisa, kabla ya benki na kabla ya maktaba, mvusheni barabara mara kadhaa mkitazama kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Bodaboda watatokea pande zote, lakini hilo atalizoea kama sisi.

Saa nazo zina mtego wake. Ratiba za masomo huandikwa kwa saa za Kizungu, midomo yetu inasema saa za Kiswahili, na mgeni aliyejifunza namba tu ataelewa "saa nane" kuwa saa mbili asubuhi au saa mbili usiku. Kwenye ujumbe andikeni 14:00, basi.

Nikitoka kwenye saa siwezi kuacha kusema juu ya ahadi. Sisi tuna adabu ya kutokumwambia mtu hapana usoni. Tunasema "nakuja" tukiwa bado tunatafuta kandambili, "nipo njiani" tukiwa bafuni, "tutaona" tukimaanisha haiwezekani. Kati yetu hakuna anayedanganywa, kila mmoja anajua kusoma uzito wa maneno. Mgeni hajui. Anasimama kituoni saa nzima, anarudi hosteli, na kesho yake anaanza kuamini kwamba hapendwi. Semina ya wenyeji ikifundisha jambo moja tu, liwe hili: mgeni aambiwe ukweli wa muda, na mwenyeji asiyeweza kuja aseme siji. Itamkera kidogo, kisha atapanga siku yake.

Turudi kwenye wiki ya sita na kile kikundi ambacho hakipo. Maisha ya darasa katika vyuo vyetu yanapita kwenye kundi la WhatsApp analolisimamia kiongozi wa darasa. Kipindi kimeahirishwa, ukumbi umebadilika, mhadhiri ameacha makala steshenari fulani mtoe kopi, jaribio ni Alhamisi: yote yako humo, na hakuna ubao wa matangazo unaoyarudia. Mgeni asiyeingizwa kwenye kundi ni kama hajasajiliwa. Basi mwenyeji ahakikishe ndani ya siku tatu za mwanzo wa masomo kwamba namba ya mgeni iko kwenye makundi ya masomo yote anayosoma. Kama mgeni amechukua masomo kutoka idara tatu tofauti, jambo la kawaida kwa wa semesta moja, ni makundi matatu na viongozi watatu wa kutafutwa. Na kwa kuwa humo watu huandika Kiswahili cha mkato, chenye misemo ya mtaani na vipande vya Kiingereza, mwenyeji awe tayari kutafsiri wiki za mwanzo.

Halafu vikundi vya kazi. Mhadhiri akisema "jigaweni kumikumi", dakika mbili hazipiti majina yamejaa, kwa sababu watu hujigawa kwa urafiki wa mwaka jana, kwa chumba, kwa shule waliyotoka. Mgeni anabaki na wachelewaji na watoro. Wanaweza kuwa watu wema sana, lakini kazi ataifanya peke yake. Mwenyeji aliye darasa moja naye aandike jina la mgeni kwenye kikundi chake kabla ya kuulizwa. Aliye kozi nyingine azungumze na kiongozi wa darasa mapema, na mratibu wa mpango awaandikie wahadhiri barua fupi mwanzoni mwa semesta akiwaomba wao wenyewe wagawe vikundi pale ambapo wageni wapo. Wahadhiri wengi watakubali, maana hata wao wamechoka kusahihisha kazi ya marafiki kumi iliyoandikwa na mmoja.

Hili la masomo mipango mingi hulikwepa, ikidhani kazi ya mwenyeji ni kutembeza. Mimi naona matembezi ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Safari ya Bagamoyo kwa basi la kukodi inahitaji bajeti, inachosha mratibu, na ikiisha wageni wamefahamiana wenyewe kwa wenyewe kwenye viti vya nyuma. Chukueni mambo ambayo mwenyeji angeyafanya hata kama mgeni asingekuwepo. Anaenda kusuka Mwenge, aende naye. Anaenda kuangalia mechi ya Simba na Yanga kwenye kibanda chenye runinga, ampeleke, amwambie mapema rangi zipi asivae akikaa upande gani. Anaenda msikitini au kanisani, amuulize kama angependa, bila kumvuta. Anarudi nyumbani kwao Morogoro mwisho wa wiki na mama amesema hana shida, mgeni akaonje ugali wa nyumbani na kulala chumba kimoja na wadogo zake. Hilo la nyumbani litafanya kazi kuliko safari tano za bango, ila mratibu ajulishwe wanakwenda wapi na wanarudi lini.

Wiki ya tatu hadi ya nane ndiyo yenye giza. Upya umeisha, tumbo limekwisha kugoma angalau mara moja, umeme au maji yamekatika siku yenye joto kali, kwao wameanza kupiga simu mara chache zaidi. Mgeni mwingine anakuwa mkali bila sababu, mwingine analala mchana, mwingine anaanza kuisema nchi nzima vibaya kwa sababu ya karani mmoja. Mwenyeji asijitetee kwa niaba ya taifa. Amsikilize, amlete ale chipsi mayai. Wekeni kwenye ratiba ya mpango, kwa maandishi, kwamba kila pacha, yaani mwenyeji na mgeni wake, wakutane uso kwa uso angalau mara moja kwa wiki kuanzia wiki ya tatu, na mratibu awapigie simu wote katika wiki ya nne na ya saba, mwenyeji peke yake na mgeni peke yake. Maswali mawili yanatosha: mara ya mwisho mlikula pamoja lini, na nani alikuwa wa kwanza kutuma ujumbe wiki hii. Majibu yakipishana, hapo pana kazi.

Lugha ya mtaani itamuumiza pia, na hapa wenyeji wengi hucheka badala ya kusaidia. Mmarekani mweusi aliyekuja akitamani kuitwa ndugu anaitwa Mzungu sokoni. Mchina anaigizwa lugha yake na vijana wa kijiweni. Mnigeria anaangaliwa kama mwizi wa mtandao. Kusema "wanatania tu" hakutoshi, ingawa mara nyingine ni kweli. Mwenyeji anaweza kumkemea kijana wa kijiweni kwa Kiswahili ambacho mgeni hana, na sentensi moja ya aina hiyo mgeni ataikumbuka zaidi ya hotuba ya mkuu wa kitengo.

Sasa pesa, ambayo hakuna anayetaka kuizungumza na ndiyo inayovunja mipango mingi kimyakimya. Mwenyeji wetu anaishi kwa bumu, yaani fedha za kujikimu za Bodi ya Mikopo, nalo likichelewa anakula mara moja kwa siku. Mgeni wa semesta moja anapendekeza wakutane kwenye mgahawa wa Mlimani City. Mwenyeji anaona haya kusema hana, anaenda, anakunywa maji, wiki ijayo anasema ana homa. Wiki inayofuata hapokei simu. Mgeni anadhani amemkosea. Wote wawili ni watu wazuri, na urafiki umekufa kwa bei ya juisi.

Semeni mapema. Siku ya kwanza ya semina ya wageni iwekwe kanuni: matembezi ya kawaida kila mtu anajilipia, na anayechagua mahali ghali ndiye anayelipa. Wenyeji wapendekeze mahali, maana wanajua mama ntilie gani anapika wali maharage unaoweza kuliwa bila majuto. Mpango utafute fungu dogo kutoka ofisi ya uhusiano wa kimataifa kwa nauli na bando la wenyeji, angalau mwezi wa kwanza, lilipwe kwa simu na kwa wakati. Mkishindwa kupata fungu, punguzeni kazi mnazowapa wenyeji badala ya kuwapa vyeti zaidi. Cheti kizuri kinasaidia, na barua ya mapendekezo iliyoandikwa na mtu anayemjua inasaidia zaidi, lakini havilipi nauli ya daladala. Kukopeshana kati ya mwenyeji na mgeni kupigwe marufuku kabisa, pande zote mbili. Aliyekwama amuone mratibu.

Mapenzi yatatokea, tusijifanye malaika. Watu wazima wawili wakipendana si kazi ya kamati. Kazi ya kamati ni kwamba mwenyeji asitumie nafasi hiyo kuwinda, na mgeni asimfanye mwenyeji mtumishi wa kila aina kwa sababu ana fedha. Kama uhusiano umegeuka kuwa wa kimapenzi, waseme, mgeni apewe mwenyeji mwingine, basi, bila kikao. Kama kuna usumbufu, pawe na watu wawili wa kuripotiwa, mwanamke na mwanamume, mmoja wao awe mfanyakazi wa chuo asiye mwanafunzi, na namba zao mgeni awe nazo tangu siku ya kwanza. Kumbukeni pia kwamba sura ya mgeni si mali ya mpango. Msibandike picha yake kwenye kurasa za chuo kabla hajakubali.

Kuhusu afya nina maneno machache. Mwenyeji ajue kituo cha afya cha chuo kinafungwa saa ngapi na hospitali gani ya karibu inapokea bima ya mgeni. Homa yoyote ipimwe malaria siku hiyohiyo, hata kama mgeni anasema ni uchovu. Namba ya dharura ni 112.

Mratibu mmoja aweza kuangalia pacha kumi na tano kwa raha. Wakizidi, aongezwe wa pili. Awe na daftari, na ninasema daftari makusudi, la kuandika nani ameoanishwa na nani, nani amebadilishwa na kwa nini, ofisi gani inasumbua na karani gani anasaidia. Mipango ya wanafunzi hufa kwa sababu mratibu anahitimu na kila kitu kiko kwenye simu yake. Achaguliwe mratibu msaidizi wa mwaka wa pili mapema katika semesta ya pili, afanye kazi naye miezi yote iliyobaki, na daftari likabidhiwe kabla ya mitihani, maana baada ya mitihani kila mtu yuko kwenye basi la mkoani.

Na kazi haiishi mgeni akipanda ndege. Kwa wa semesta moja, tatizo kubwa kuliko yote huja baadaye, wakati chuo chake kinadai matokeo ili kihamishe alama, na matokeo hayo yamekwama kati ya idara na ofisi ya mitihani. Barua pepe zake hazijibiwi. Hapo mwenyeji mwenye miguu ana thamani kuliko ubalozi. Kabla hajaondoka, mgeni ajaze fomu zote za kuomba matokeo, alipe ada yake akiwa bado ana laini ya hapa, achukue namba ya kumbukumbu ya kila ombi, na aache barua iliyosainiwa inayomruhusu mwenyeji kufuatilia na kupokea kwa niaba yake. Waambieni pia wageni wanaorudi nchi zisizo na malaria kwamba wakipata homa wiki kadhaa baada ya kufika, wamwambie daktari walikuwa wapi, kwa sababu daktari wa kwao hataifikiria malaria. Mwenyeji naye aiweke ile barua mahali asipoisahau, akaanze kugonga mlango wa ofisi ya mitihani mara tu matokeo yanapobandikwa, tena aende asubuhi, kabla foleni haijajaa.